Kufunga TV ya Flati Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili Kuanzia Dukani Hadi Msimu wa Radi

TV yangu ya kwanza ya flati ilikufa kabla sijaiwasha. Niliinunua Kariakoo, inchi 43, nikaipakia kwenye basi la alfajiri kuja Mbeya. Kijana wa mizigo akaniambia, "Kaka, ondoa shaka, nailaza chini kabisa, haitacheza." Akailaza kweli, na juu yake yakapangwa mabegi na viroba vya watu. Safari ni zaidi ya kilomita 800, na mlima wa Kitonga uko katikati. Nilipofungua boksi nyumbani Uyole, kona ya kulia ya kioo ilikuwa na nyufa kama utando wa buibui. Boksi lenyewe halikuwa hata na mkunjo.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Tangu siku ile nimefunga TV za watu Mwanjelwa, Mbalizi, Tukuyu, na mara mojamoja Makambako na Mafinga. Nimegundua kwamba mnunuzi anahangaika na kioo, wakati sehemu kubwa ya maradhi ya TV hizi huingilia mgongoni: waya wa umeme, waya wa dishi, matundu ya hewa, na zile skrubu nne zinazoibeba. TV ya chogo ilikuwa mzigo wa watu wawili, ukiiweka mezani imekaa. Flati ni nyepesi, na kosa dogo huku nyuma utaliona kule mbele. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi nyuma ya TV kuliko mbele yake.

Kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji aitoe kwenye boksi na kuiwasha mbele yako, hata akikunja uso. Nenda na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe tafuta vidoa vyeusi na sehemu zenye giza, kwenye nyeusi tafuta nukta zinazong'aa. Chomeka kitu kwenye kila tundu la HDMI na la USB, kwa sababu tundu bovu utaligundua mwezi wa tatu, siku unayonunua king'amuzi kipya.

Kisha igeuze usome karatasi iliyobandikwa nyuma. Ikisema 100–240V au 220–240V, sawa. Ikisema 120V peke yake, hiyo ilitengenezewa Marekani, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 itatoa moshi kabla hujakaa kwenye kochi. Hizi hupatikana zaidi kwenye TV za mtumba. Uliza pia kama ina king'amuzi cha ndani cha DVB-T2, yaani cha antena, na kama ina S2 ya dishi.

Ukubwa usiupime kwa macho ya dukani, maana duka ni pana kuliko sebule yako. Inchi 43 ni kama sentimita 109 kutoka kona hadi kona. Kipimo hicho kizidishe kwa 1.5 hadi 2.5, upate umbali wa kukaa, yaani mita 1.6 hadi 2.7 hivi. Kwa vyumba vingi vya kupanga, 32 au 43 inatosha kabisa. Chukua risiti na waranti, na uisome hiyo waranti. Kwa kawaida haigusi kioo kilichopasuka wala uharibifu wa radi, na hivyo viwili ndivyo vinavyotusumbua sana huku.

Njiani

TV husafiri ikiwa imesimama, kama mishale ya kwenye boksi inavyoonyesha. Ikilazwa, kila shimo la barabara linakipinda kile kioo katikati, ambako hakuna kinachokishikilia. Ibebwe na watu wawili, mikono ishike fremu ya chini na ya ubavuni, na vidole visibonyeze kioo. Ndani ya Noah isimamishe nyuma ya siti ya mbele, uibane kwa blanketi. Kwenye basi, kama hakuna pa kuisimamisha, lipia siti ya pili. Nauli ya siti ni ndogo kuliko bei ya kioo. Na bodaboda usimpe. Nimemwona kijana akipanda mlima na inchi 55 mgongoni, upepo unaisukuma kama tanga la jahazi, na mwenye mali yuko nyuma kwenye bodaboda nyingine anapiga kelele.

Ikifika, iache ipate joto

Hili watu wa Dar es Salaam halitawahusu sana. Asubuhi za Juni na Julai huku ni baridi kali, na Makete hata barafu hutanda kwenye majani. TV iliyolala kwenye gari usiku kucha ikiingizwa kwenye sebule yenye joto, unyevu wa hewani hugeuka matone juu ya vyuma vyake kama unavyoona miwani ikipata ukungu unapoingia jikoni. Ukungu huo unatua hata ndani, kwenye bodi. Ukiwasha wakati huo unatafuta shoti.

Itoe kwenye boksi, isimamishe, iache masaa mawili au matatu bila kuchomeka popote. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa ili ikauke haraka. Na kwa kuwa tumelitaja jiko: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Kama lazima uote moto sebuleni, dirisha liwe wazi, na jiko litoke nje kabla ya kulala. Moshi na masizi yake huingia pia kwenye matundu ya TV na kunata, lakini hiyo ni shida ndogo kuliko ya kwanza.

Mahali pa kuiweka

Isitazamane na dirisha, la sivyo mchana utakuwa unajitazama mwenyewe. Isikae karibu na jiko wala hita. Ukuta wa nje wenye doa la unyevu uuache. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna nyumba ambazo ukuta wa upande wa mvua haukauki vizuri miezi mingi. TV iliyobanwa kwenye ukuta wa namna hiyo hupata kutu kwenye matundu ya waya kabla ya miaka miwili kuisha.

Acha nafasi ya sentimita 10 juu na pembeni ipitishe hewa. Akina mama watanisamehe, lakini kile kitambaa kizuri cha kufuma kinachotandazwa juu ya TV kilikuwa cha TV ya chogo. Kwenye flati kinaziba matundu ya juu, pale hewa ya moto inapotokea. Kitandike kwenye kochi.

Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, karibu sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Wateja wengi huniambia, "Fundi, panda juu, karibu na dari, kama baa." Baa wana sababu zao: watu wamesimama, na chupa zinaweza kuruka. Nyumbani utaumia shingo bure.

Ukiiweka mezani, miguu yote miwili ikae ndani ya meza, si nusu hewani. Kisha ifunge kwa mkanda au waya mwembamba kutoka kwenye matundu ya nyuma hadi kwenye ndoano ya ukutani. Watoto hufungua droo za kabati na kuzitumia kama ngazi, kabati linainama, TV inamfuata mtoto. Mkanda huo ni wa bei ya soda mbili, na nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka sita siondoki bila kuufunga, mwenye nyumba atake asitake.

Umeme

Hapa ndipo TV nyingi hufia. Tuanze na kijiti.

TV nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, na soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe nne. Tundu la juu ni la ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na ndilo linalofungua vile vifuniko vya matundu mawili ya chini. Watu wamegundua kwamba ukisukuma kijiti, au kifuniko cha kalamu, kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka na plagi ya miguu miwili inaingia. Inaingia, ndiyo, ila haishiki. Inacheza, inapiga cheche, soketi inapata moto. Nimeshafungua soketi Soweto ya hapa Mbeya iliyoyeyuka hadi kijiti cha kiberiti kimegandia ndani ya plastiki. Nunua adapta nzuri au badilisha plagi. Ukibadilisha, waya wa kahawia uende upande wenye fyuzi, wa bluu uende upande wa nyuti, njia ya umeme kurudi. Waya wa TV ukiwa na nyuzi mbili tu, bila ya kijani na njano, usiogope: kifaa hicho kimewekewa kinga maradufu na hakihitaji ethi. Ukiwa na nyuzi tatu, ya tatu ifungwe mahali pake, isikatwe.

Fyuzi ya kwenye plagi iwe ya ampea 3 au 5. TV ya wati 100 inavuta chini ya nusu ampea, kwa hiyo fyuzi ya 13 ambayo huja na plagi nyingi itakaa kimya huku waya mwembamba ukiungua.

Baada ya hapo, weka gadi. Gadi nzuri hukata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, na umeme ukirudi baada ya kukatika husubiri kidogo kabla ya kuupitisha. Huko kusubiri ndiko unakokulipia. TV za sasa huvumilia umeme mdogo kuliko tunavyodhani; kinachoziumiza ni ile dakika ya kwanza umeme unaporudi, friji zote za mtaa zinapoamka pamoja na mashine ya kusaga nayo inaanza kunguruma. Kama huna gadi, zima kwenye soketi umeme unapokatika, ukirudi subiri dakika tano. Stebilaiza ni kitu kingine: yenyewe hupandisha na kushusha volti. Inunue kama taa zako hufifia kila jioni, vinginevyo gadi inatosha.

Kuna ishara moja nataka kila mtu wa nyumba aijue, hata mtoto. Ukiona taa zinawaka kali kuliko kawaida ghafla, au za chumba kimoja zinang'aa na za kingine zinafifia, zima swichi kuu papo hapo. Huenda waya wa nyuti umekatika mahali, na hapo soketi ya volti 230 inaweza kupokea karibu na 400. Gadi ya bei rahisi haitakuokoa. Piga simu TANESCO, na usiwashe mpaka waje.

Ekstensheni: yenye alama ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000, na hiyo ni kama alama haidanganyi. TV, king'amuzi na sabufa vikae humo bila shida. Hita ya chumba, pasi na birika visiguse. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Baada ya saa moja ya matumizi ishike kwa mkono; ikiwa ya moto, itupe.

Kuhusu LUKU: inchi 43 hula wati 80 hivi. Kwa masaa matano kwa siku ni uniti 0.4, mwezi mzima uniti 12. Nina jirani anayezima TV ya watoto saa mbili ili kubana uniti, halafu hita ya wati 2,000 inawaka hadi saa tano usiku.

Kuifunga ukutani

Kabla ya brakiti, kile chuma kinachoishika TV ukutani, ujue ukuta wako. Toboa tundu dogo la majaribio mahali ambapo TV itaficha, uangalie unga unaotoka. Unga mwekundu mkavu ni tofali la kuchoma, la kwetu hili. Kijivu ni bloku ya saruji. Ukitoka unga laini wa kahawia kama wa ulezi, na keekee inazama bila kusukumwa, hilo ni tofali bichi lililopigwa plasta. Simama hapo. Ukuta huo haubebi TV, hata uweke skrubu kumi. Tengeneza stendi ya mbao au ya chuma inayosimama sakafuni. Ukuta wa jipsamu pia usiuamini, labda kama umepata mbao au chuma cha ndani na skrubu zimeingia humo.

Brakiti zipo za kubana ukutani, za kuinamisha, na za mkono unaovutwa nje. Ile ya mkono inapendeza dukani. Ukiuvuta mkono, uzito wa TV unang'oa skrubu za juu kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya tawi anavyolinyofoa. Kwenye tofali la kuchoma la nyumba ya zamani mimi siifungi. Nimeshagombana na shemeji yangu kwa hilo, na TV yake mpaka leo iko kwenye brakiti ya kubana.

Mgongoni mwa TV kuna matundu manne. Pima umbali kati yao kwa milimita, kulala na kusimama: 100 kwa 100, 200 kwa 200, hadi 400 kwa 400. Hicho ndicho kipimo cha VESA, na brakiti lazima ilingane nacho. Skrubu zake ni M4 kwa TV ndogo, M6 au M8 kwa kubwa. Urefu wake ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Ikiwa ndefu mno inatoboa hadi nyuma ya kioo; fupi mno inashika nyuzi mbili tu. Anza kwa vidole. Ikigoma mapema usilazimishe kwa bisibisi, ongeza washa, ile pete bapa ya chuma, chini ya kichwa chake.

Sasa kazi yenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Funga upande wa brakiti kwenye TV kwanza, TV ikiwa imeegemea kochi au imelala kifudifudi kwa dakika chache juu ya blanketi nene lililonyooka, bila kuukandamiza mgongo. Pima kutoka katikati ya TV hadi ndoano ya brakiti. Bila kipimo hicho utatoboa matundu mara mbili.

2. Tafuta njia ya waya za ukutani. Huku kwetu waya nyingi hushuka wima kutoka darini hadi kwenye soketi au swichi, kwa hiyo usitoboe juu ya soketi wala juu ya swichi, kwenye mstari huohuo. Zima sakiti breka ya chumba hicho na utumie keekee ya betri, au vuta umeme kutoka chumba chenye sakiti nyingine.

3. Weka alama kwa pimamaji. Pimamaji ya kwenye simu ni ya kubahatisha. Ukiona TV imepinda baada ya kazi yote, utaiona imepinda kila siku.

4. Toboa kwa biti ya milimita 10, kina cha sentimita 7 hadi 8, katikati ya tofali na si kwenye kiungo cha udongo au saruji. Kwenye tofali la kuchoma zima ile hali ya kugonga, maana tofali huvunjika kwa ndani na tundu linakuwa pango. Vaa miwani, na ziba pua kwa kitambaa.

5. Puliza vumbi lote litoke. Fisha, kile kipande cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu, ikiingia juu ya vumbi haishiki.

6. Ingiza fisha mpaka ipite plasta na kukaa ndani ya tofali lenyewe. Plasta ya sentimita mbili haibebi kitu zaidi ya picha ya harusi. Zile fisha laini zinazokuja kwenye boksi la brakiti huwa naziacha humo humo, nanunua imara kwenye duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na skrubu za sentimita 7.

7. Ukishafunga brakiti ukutani, ishike kwa mikono miwili uivute kuelekea chini kwa nguvu zako. Ikitikisika kidogo tu, rudia. Inchi 55 huwa na kilo 13 hadi 18. Wewe ukivuta unaweka zaidi ya hapo.

8. Mkiwa wawili, itundikeni. Sikilizeni mlio wa kujifunga, kisha kazeni skrubu za usalama chini. Wengi huzisahau, na TV inakuwa imetundikwa kama koti, mtu akiifuta kwa kusukuma juu inatoka.

Waya uzipitishe kwenye trankingi ya plastiki. Usizikunje kona kali, na usizivute zikaze. Ziache zilegee kidogo nyuma ili uweze kuchomoa bila kuinama na tochi mdomoni. Utaona sababu mbele kidogo.

Antena na dishi

Kwa kifupi. Urushaji wa analojia ulizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mbeya ikafuata mwaka 2013, kwa hiyo antena peke yake bila king'amuzi, cha nje au cha ndani ya TV, haitakupa picha. Kwenye mabonde yetu mlima mmoja unaweza kuziba mawimbi. Sogeza antena mita mbili tatu kabla ya kulaumu TV. Na pale waya unapoingia ndani ya nyumba, uache uning'inie tumbo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke kwenye tumbo badala ya kuufuata waya hadi ndani ya king'amuzi.

Radi

Bibi yangu, Tukuyu, mawingu yakikusanyika alikuwa anafunika kioo cha kabati kwa kanga na kutuambia tunyamaze. Kanga haizuii radi. Lakini kabla ya kanga bibi alikuwa anachomoa waya wa antena ya redio na kuutupa nje ya dirisha, na katika hilo alikuwa mbele ya wateja wangu wengi.

Mvua zetu nyingi huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na radi huja nazo. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, kwenye nguzo au mti, msukumo wake unaingia kwenye kila waya mrefu uliopo: waya wa umeme, waya wa dishi, waya wa intaneti. Kuzima kwa rimoti hakusaidii chochote. Kuzima swichi ya soketi kunaacha pengo la milimita chache, na radi iliyovuka kilomita za hewa haishindwi na milimita. Gadi husaidia kwa misukumo midogo tu. Dawa ni kuchomoa.

Na uchomoe zote. Mteja mmoja wa Mwanjelwa alichomoa TV ukutani vizuri kabisa, akaacha waya wa dishi kwenye king'amuzi na HDMI kati ya king'amuzi na TV. Radi ikaingia kwa dishi, ikapita king'amuzi, ikaunguza bodi ya TV kupitia HDMI, huku plagi ya umeme ikiwa mezani haina kosa. Kwa hiyo plagi ya TV, plagi ya king'amuzi, waya wa dishi au antena, HDMI, na waya wa intaneti kama upo. Vikae mbali na TV, si vining'inie kando yake.

Wakati wa kuchomoa ni kabla. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na muda wa kuchomoa umeshakwisha. Ikiwa juu ya paa, usishike waya wowote. TV inanunuliwa tena. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudishe. Msimu wa mvua, ukienda shamba au kazini, chomoa asubuhi. Radi za mchana hazitakusubiri urudi.

Nguzo ya chuma ya dishi iunganishwe na ethi ya nyumba na fundi mwenye leseni ya EWURA. Hilo linapunguza madhara, ila haliondoi haja ya kuchomoa.

Ukiwasha mara ya kwanza

TV itakuuliza kama iko dukani au nyumbani. Chagua nyumbani. Hali ya dukani hupandisha mwanga hadi mwisho ili ishindane na taa za duka, na ukiiacha hivyo unachoma taa zake. Nyuma ya kioo kuna mistari ya taa ndogo za LED, na hizo ndizo hufa mapema kwenye TV nyingi za bei ya kati. Tafuta baklaiti kwenye menyu, ishushe hadi 50 au 60 kati ya 100. Siku mbili za kwanza utaona giza, ya tatu macho yamezoea. Sijui marekebisho mengine ya bure yanayoongeza maisha ya TV kama hilo.

Kama ni TV janja, filamu za mtandaoni kwa ubora wa HD hula hadi GB 3 kwa saa. Shusha ubora kabla bando halijaisha katikati ya filamu.

Usafi na wageni wasioalikwa

Zima, chomoa, iache ipoe. Futa kwa kitambaa laini kikavu kama kile cha miwani, bila kukandamiza. Doa likigoma, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi, kikamue, futa, kausha. Maji usipulizie kwenye kioo, yatachuruzika hadi ukingo wa chini na kuingia kwenye nyaya nyembamba za kioo. Spiriti, sabuni ya unga, dawa ya kusafishia madirisha na gazeti huondoa utando wa juu wa kioo, na madoa yake hayatoki. Vumbi la kiangazi kwenye matundu ya nyuma liondoe kwa brashi laini ya rangi, mara moja kwa mwezi.

Julai mijusi, mende na sisimizi wanatafuta joto kama sisi, na mgongo wa TV ni mahali pazuri pa kulala. Mjusi mmoja akigusa sehemu mbili za bodi, yeye na bodi wanaondoka pamoja. Usizibe matundu kwa selotepu, na usipulizie dawa ya wadudu ndani, maana nyingi hushika moto. Ondoa makombo ya chakula chini ya stendi, ziba upenyo wa waya ukutani, na usiache TV kwenye hali ya kusubiri usiku kucha, ikipoa hawaitaki.

Ikianza kuumwa

Usiifungue. Ndani kuna kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Lakini unaweza kumsaidia fundi, na kujisaidia mfukoni, kwa kutazama vizuri. Taa nyekundu haiwaki kabisa: angalia soketi, gadi na fyuzi kwanza, nusu ya simu ninazopigiwa huishia hapo. Harufu ya kuungua: chomoa na usijaribu tena. Mistari ya rangi isiyoondoka, au wino mweusi unaosambaa: hicho ni kioo, na bei yake mara nyingi inakaribia ya TV nyingine.

Sauti ipo, picha hakuna? Zima taa ya sebuleni usiku, sogea karibu, mulika kioo kwa tochi kwa upande huku TV ikicheza. Ukiona vivuli vya watu wanatembea humo ndani, kioo ni kizima, zimekufa taa za nyuma tu, na hizo hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya TV. Fundi akikuambia kioo kimekufa, mpe tochi.